Keki ya mgahawani laini, ya kwangu inadidimia. Niendelee kuoka au nibaki kulipia?

Kijiko_Kidogo

Habari zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu, leo imebidi nijitokeze maana nimechoka kutupa unga.

Ni mtu wa vitamutamu, sifichi. Mimi na dada yangu tuna kawaida yetu: kila Jumamosi mchana tunachagua mgahawa mmoja mjini, tunakaa karibu na dirisha, kila mtu na kipande chake cha keki na kikombe cha kahawa, tunapiga soga mpaka wahudumu waanze kutuangalia kwa jicho la pembeni. Sasa ni mwaka wa pili. Kuna mgahawa mmoja una keki ya chokoleti ambayo sijui hata niielezeje. Nyeusi, ina unyevu, inatolewa kwenye friji la vioo lakini ukiitia mdomoni ni laini kama imeiva muda huohuo.

Basi nikanunua oveni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi tu, kwamba nikiijulia nitakula wiki nzima kwa gharama ya vipande viwili. Keki ya kwanza ikadidimia katikati kama bakuli. Ya pili iliumuka vizuri nikaanza kuita watu, nilipoitoa ikalala palepale mbele yao. Ya tatu haikudidimia, ila mume wangu aliuliza kama ni ya kula au ya kuzuia mlango.

Nakosea wapi? Na je, kuna vitu ambavyo ni vya kwenda kulia mgahawani tu, nyumbani ni kujitesa? Halafu hili la pembeni: tukitoka kula chakula cha jioni, naagiza kitindamlo halafu nakishindwa. Mume anasema nalipia macho. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Bwana_Sahani

Uza oveni, fedha ongezea Jumamosi moja. Uzi ufungwe.

Fundi_Oveni

Pole dada, usimsikilize huyo. Kabla sijasema kitu nijibu haya. Beking poda uliweka kiasi gani? Unga unapima na nini? Oveni uliiwasha muda gani kabla? Na ulifungua mlango mara ngapi?

Kijiko_Kidogo

Asante mkuu. Beking poda: maelekezo yalisema vijiko viwili vya chai, mara ya kwanza nikaweka vitatu ili iumuke zaidi, mara ya pili nikaweka vinne maana niliona ya kwanza haikutosha 🙈. Unga nachota na kikombe cha chai. Oveni nawasha nikishaweka keki ndani. Mlango... kila baada ya dakika kumi hivi, nachungulia.

Fundi_Oveni

Haya, sasa tumefika. Dada yangu, keki yako haikukosa nguvu ya kuumuka. Ilizidishiwa.

Iko hivi. Beking poda ikikutana na maji na joto inatoa gesi. Gesi inajaa kwenye viputo vidogo ulivyovitengeneza wakati unachapa, vinavimba, keki inapanda. Wakati huohuo mayai na unga vinaganda polepole kuzunguka vile viputo na kuwa kuta. Vyote viwili inabidi viende pamoja. Poda ikizidi, viputo vinavimba haraka mno, vinaungana, vinapanda juu na kupasuka wakati kuta bado ni uji. Ndiyo maana ya pili ilipanda sana halafu ikalala: ulikuwa umeongeza kosa lilelile. Kipimo cha kawaida ni kijiko kimoja cha chai kwa gramu 120 hivi za unga.

Na mlango. Dakika ishirini za mwanzo usiuguse kabisa, joto linashuka wakati keki haijajishika. Kama oveni ina taa, chungulia kwa kioo. Iwashe dakika 15 hadi 20 kabla ya kuweka keki, maana ikianza na baridi, mchanganyiko unakaa unatoa gesi bure bila kuiva. Tena nunua kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni. Ile namba kwenye kitasa mara nyingi ni ahadi tu. Yangu ikiandika 180 ndani ni 160, niliishi na keki mbichi mwaka mzima nikijilaumu mikono.

Kikombe cha chai kiache kinywe chai. Unga ukiuchota kwa kikombe unaushindilia. Kikombe kilekile cha kupimia kinaweza kubeba gramu 120 ukiujaza polepole kwa kijiko, na kuvuka 150 ukichota kwa kubana. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi.

Keki ya tatu, ile ya kuzuia mlango, nahisi uliichapa sana baada ya kutia unga?

Kijiko_Kidogo

Dakika kumi na tano kwa mashine. Niliambiwa keki inataka kuchapwa.

Fundi_Oveni

Inataka kuchapwa KABLA ya unga. Siagi na sukari chapa unavyotaka, mayai chapa. Unga ukishaingia, kila unapokoroga unajenga gluteni, ile inayoufanya mkate uvutike. Mkate unaitaka, keki haiitaki. Changanya mpaka usione unga mkavu, acha hapo. Vibonge viwili vitatu havina neno.

Jikoni_Nyuma

Nimefanya kazi jikoni mgahawani miaka sita, upande wa vitindamlo. Ngoja niwape siri ambayo si siri.

Keki unayoisifia dada, ya kutoka frijini na bado laini, karibu nina uhakika ni ya mafuta ya kupikia, si ya siagi. Siagi ikipata ubaridi inaganda, na keki yake inaganda nayo, ukiila moja kwa moja kutoka frijini unahisi kavu hata kama haijakauka. Mafuta kama ya alizeti yanabaki maji hata kwenye friji, kwa hiyo keki inabaki na ulaini wake. Migahawa inayoweka keki kwenye vioo siku nzima inalijua hili. Kingine, tabaka nyingi tunazipaka shira nyepesi ya sukari na maji kwa brashi kabla ya krimu. Ule unyevu unaodhani ni ufundi wa kuoka, nusu yake ni brashi.

Jaribu hii. Unga gramu 110, kakao gramu 35, sukari gramu 180, beking poda robo tatu ya kijiko cha chai, magadi soda robo tatu, chumvi nusu kijiko. Changanya vikavu, chekecha. Tia yai moja, maziwa mililita 120, mafuta mililita 60, vanila. Koroga mpaka vishikane. Mwisho mimina maji yanayochemka mililita 120 taratibu. Utaona imekuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, usiogope na USIONGEZE UNGA. Chombo cha sentimita 20, ukipake mafuta na kukitandika karatasi, nyuzi 180, anza kuangalia dakika ya 30.

Yale maji ya moto yanaamsha kakao. Ukiweka kahawa nyeusi ya moto badala ya maji, chokoleti inakuwa nzito zaidi mdomoni, na wala hutasikia kahawa. Kakao itumie ya kawaida, ile ya rangi ya kahawia isiyokolea; ina asidi na ndiyo inayoliamsha magadi.

Siagi_Daima

Mkuu heshima yako, lakini keki ya mafuta ni laini tu, haina ladha ya maana. Mwanafunzi aanze na siagi ajue kuoka. Ile keki ya zamani ya Uingereza, ratli moja (karibu nusu kilo) ya unga, ratli ya siagi, ratli ya sukari, ratli ya mayai. Kitabu cha mapishi cha nini? Pima mayai matatu, kisha kila kitu kingine kiwe na uzito huohuo, ongeza kijiko cha chai kimoja na nusu cha beking poda. Siagi iwe laini ya kubonyea kwa kidole, isiwe imeyeyuka. Mayai yasitoke frijini moja kwa moja, yataikatisha siagi na mchanganyiko utakuwa kama maziwa yaliyoganda.

Jikoni_Nyuma

Kwa ladha ya siagi nakubali, ndiyo maana keki ya limau au ya vanila sifanyi kwa mafuta hata siku moja. Kwa chokoleti, kakao inafunika siagi yako yote. Na yeye ameuliza ya chokoleti.

Siagi_Daima

Hapo sina la kusema. Ila ya siagi aitoe frijini nusu saa kabla ya kula.

Jikoni_Nyuma

Swali lake la pili limeachwa. Dada, mimi nagawa hivi: kile ambacho utamu wake uko kwenye kutoka motoni, oka nyumbani, maana hakuna mgahawa utakaokushinda. Biskuti za chokoleti dakika tano baada ya kutoka, keki ya ndizi, pai ya tufaha. Migahawani vinakaa. Biskuti zenyewe unaweza kuzifinyanga vidonge ukagandisha, ukaoka viwili viwili ukitamani.

Kile kinachotaka siku mbili, ubaridi na mikono iliyozoea, kalipie bila kinyongo. Kroasan kwa mfano, ule mkate wa Kifaransa wa tabaka. Unakunja siagi ndani ya donge mara tatu, kila mara mikunjo mitatu, unapata tabaka 27 za siagi, na ikipata joto kidogo tu siagi inajipenyeza kwenye donge, tabaka zote zimekwisha, umeoka mkate wa mafuta. Nimewahi kutupa trei nzima kwa sababu ya mchana wenye jua kali. Nyumbani fanya mara moja maishani kwa heshima ya wanaozifanya.

Katikati kuna vitu kama tiramisu, ile ya Kiitaliano ya biskuti zilizolowa kahawa na krimu, haitaki hata oveni. Hiyo mimi nafanya nyumbani na mgahawani naagiza kuona mwenzangu kafanyaje.

Kahawa_Chungu

Mimi siwezi kuoka hata toast, ila kwenye kula nina digrii. Hili la kushindwa kitindamlo: unaagiza ukiwa umeshashiba, kwa nini usishindwe? Sisi nyumbani tuna njia mbili. Kama tunajua mgahawa unasifika kwa vitindamlo, tunaomba ile orodha ya vitamu KWANZA, tukiwa bado na njaa na akili, ndipo tunapanga chakula kikuu: tunagawana sahani moja, mkate ule wa mwanzo hatuugusi. Au tunakula chakula sehemu moja, tunatembea, tunakwenda kula kitamu sehemu nyingine. Mguu wa dakika ishirini unafanya maajabu. Kipande kimoja vijiko viwili, hakuna mhudumu atakayekucheka.

Kitu kingine, muulize mhudumu, "Kipi mmekitengeneza hapahapa leo?" Akitaja kimoja au viwili bila kusita, agiza hivyo. Akisema vyote, na orodha ina vitindamlo kumi na vinane, mimi naagiza kahawa tu. Na kahawa isiwe na sukari. Uchungu unausafisha mdomo, kijiko cha sita kinakuwa na ladha kama cha kwanza.

Pima_Sukari

Sitaki kuharibu sherehe, ila kipande kila Jumamosi NA keki nzima nyumbani wiki nzima ni mambo mawili tofauti. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndiyo bora zaidi; hiyo ya pili ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Hiyo keki ya hapo juu ina gramu 180. Igawe vipande kumi na mbili, gandisha kumi.

Bwana_Sahani

Nilisema uza oveni.

Kijiko_Kidogo

@Pima_Sukari umenigusa, kweli hesabu yangu ya "wiki nzima" niliipigia mfuko tu, mwili sikuuuliza. Nitagandisha.

Wakuu asanteni, naenda kununua mizani. Nitarudi.

Kijiko_Kidogo

Nimerudi, ni Jumapili usiku.

Kipimajoto kimenionyesha oveni yangu inazidi kwa nyuzi 25. Nikiandika 180 inawaka 205! Kumbe keki zilikuwa zinakauka juu wakati ndani ni uji. Nimeishusha.

Nimefanya ile ya mafuta na kahawa ya moto. Ilipokuwa nyepesi vile mkono uliniwasha kuongeza unga, nikaufungia kabatini. Mlango sikuufungua mpaka dakika ya 30, nilikaa sakafuni mbele ya kioo kama naangalia mpira. Imepanda, imekaa. Katikati ina kibonde kidogo, nimekijaza krimu, hakuna aliyejua.

Leo nimeiweka frijini kisha nikamkatia dada yangu kipande bila kumwambia kitu. Amekula nusu, akaniuliza nimepita saa ngapi pale mgahawani.

Jumamosi tunaenda kama kawaida. Yeye ataagiza keki, mimi naagiza kroasan.

Siagi_Daima

Hongera dada. Wiki ijayo limau, kwa SIAGI.

Fundi_Oveni

Hicho kibonde kidogo, jaribu kuongeza dakika tatu nne. Choma kijiti katikati, kitoke na chembe kavu, kisitoke na uji.

Bwana_Sahani

Picha iko wapi? Au na vile kumi vya kugandisha vimeshaliwa?

Kijiko_Kidogo

Vimebaki vinne 😶