Mjadala: sed isipopata kitu cha kubadilisha, ujenzi wa paketi usimame au uendelee?

Wadau, sed ni amri inayobadilisha maandishi ndani ya faili, na paketi ni programu iliyofungwa tayari kusakinishwa. Msimamo wangu nautoa mapema: usimame.

Chukueni skripti ya kujenga paketi yenye mstari huu, unaobadilisha mahali pa kusakinisha ndani ya Makefile, faili la maelekezo ya ujenzi:

sed -i 's|PREFIX=/usr/local|PREFIX=/usr|' Makefile

Toleo jipya linatoka, na mwenye programu ameacha nafasi pande zote za alama ya sawasawa: PREFIX = /usr/local. Sed inatafuta, haipati, inarudisha sifuri, ishara ya kufaulu, kana kwamba kazi imefanyika. Ujenzi unaendelea mpaka mwisho, kumbe faili zimekwenda /usr/local, mahali ambapo paketi za distro (toleo la mfumo wa Linux) hazitakiwi kugusa. Atakayegundua ni mtumiaji.

Gentoo, distro mojawapo, huongeza || die (amri ikishindwa, simamisha ujenzi) mwishoni mwa mstari. Ni vizuri, ila inakamata faili lisilokuwepo au amri iliyoandikwa vibaya tu. Maandishi yasipopatikana, kimya kilekile.

Nixpkgs, mkusanyo wa paketi za Nix, wamelitatua vizuri zaidi. Huko programu hukaa ndani ya /nix/store, kwa hiyo njia kama /usr/bin zilizoandikwa kwenye msimbo hubadilishwa kila mara. Kifaa chao, substituteInPlace, kilikuwa na --replace, ambayo ilitoa onyo tu na kuendelea. Sasa kuna --replace-fail inayosimamisha ujenzi, --replace-warn inayoonya na --replace-quiet inayonyamaza. Anayetaka kimya anakiandika waziwazi, na anayekagua anakiona.

Wanaopinga husema mtu anayetunza paketi nyingi atakwama kila toleo likitoka, hata pale mwenye programu amesharekebisha na sed haihitajiki tena. Mimi naona hapo ndipo hasa pa kusimama: mstari uliokufa ufutwe, usibaki miaka ukimdanganya atakayeurithi. Nakubali jambo moja: sed ikipitishwa kwenye faili mia kwa mpigo, na baadhi hazina neno hilo, kunyamaza kuna haki.

Wa distro nyingine, tangulizeni grep -q 'PREFIX=/usr/local' Makefile, inayotafuta maandishi hayo, chini ya set -e, inayosimamisha skripti amri ikishindwa. Kiraka (patch, faili linaloorodhesha mabadiliko) nacho hugoma chenyewe, ingawa huweza kugoma pia mistari ya jirani ikibadilika. Kwa mfano huu, bora zaidi ni kutogusa faili kabisa: make PREFIX=/usr inatosha, nafasi ziwepo zisiwepo.

Mnaotaka ujenzi uendelee, nijibuni hili: onyo lililozama katikati ya maelfu ya mistari ya logi, nani analisoma ikiwa ujenzi umefaulu?