Kilimia kinazuka, tukakae wapi?

Kikundi: Ukoo wa Babu Nahodha, Pangani

*Jumatano, 10 Juni 2026*

Tatu: Assalaam alaykum ukoo. Jana baada ya Isha babu kaniita barazani. Anasema Kilimia, kile kikundi cha nyota, kilizama mwezi wa tano kwenye masika, na siku hizi ndiyo kinazuka alfajiri. Anataka akakitazame, na watoto wote wawe naye. Pale barazani haoni kitu, taa ya barabarani inampiga usoni na ya dukani haizimwi mpaka kuche. Natafuta mahali, Jumamosi kuamkia Jumapili. Nani ana rai?

Shangazi Mwanaisha: Waalaykum salaam mwanangu. Si hapo ufukweni tu, karibu na mlango wa mto? Mzee hawezi mwendo.

Tatu: Nilikwenda jana usiku huohuo, shangazi. Nyota kubwa zipo, lakini ndogo zote zimemezwa na mwanga wa mji. Kilimia ni nyota ndogo zilizokaa pamoja, zinataka giza la kweli.

Mjomba Bakari: Njooni mkongeni, njia ya Mwera. Mie napita pale na abiria usiku, nikizima taa ya pikipiki sioni hata mkono wangu. Mkonge mfupi, mbingu yote wazi.

Hadija: Mjomba, na nyoka je? Nina wawili wa chini ya miaka saba.

Mjomba Bakari: Tunakaa njiani, hatuingii kwenye mistari.

Tatu: Mkongeni nimepapenda kwa jioni, mjomba. Magharibi kuko wazi, na wiki hii sayari mbili, Zuhura na Mshtarii, wamekaribiana hukohuko, Zuhura ndiye anayewaka zaidi. Ukipanua vidole vitatu ukanyoosha mkono, unawafunika wote wawili. Shida ni alfajiri. Kilimia kinachomoza kama saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na jua saa kumi na mbili na nusu. Weupe unaanza kupanda mapema, kwa hiyo tuna nusu saa hivi ya kukiona, na muda wote huo kiko chini. Mnazi mmoja tu upande wa mashariki unatosha kukificha. Lazima tuone bahari.

Juma: Twendeni Maziwe!!! Tukalale kisiwani!

Tatu: Babu kaletewa hilo, kajibu kwa sauti. Nawaandikia wasio na bando:

"Juma mjukuu wangu, Maziwe ya zamani ilikuwa na miti, tukishuka tukipumzika kivulini. Miti ilikwisha, sasa ni fungu la mchanga. Mwezi unakwisha, maji yanaingia bamvua. Saa tisa, saa kumi za usiku maji yamejaa, hapana pa kuweka mguu. Na kusi linavuma. Nani atakupeleka?"

Juma: Nimesikia babu. Shikamoo.

Hadija: Na Ushongo? Watu wanasifu sana mchanga wa kule.

Shangazi Mwanaisha: Kuvuka ng'ambo na mzee na watoto saa hizo sitaki. Mtu akiugua je?

*Alhamisi, 11 Juni*

Omari: Samahanini, nilikuwa kazini. Naongea kama mvuvi. Mnasema mnataka giza, na giza ndiyo kazi yetu sisi wa dagaa. Mbalamwezi tunalala, giza tunawasha taa, dagaa wanafuata mwanga. Zamani karabai, sasa hizi taa za betri, kali sana. Mkikaa ufukweni mnaweza kukuta mstari wa taa baharini kama mji mwingine.

Tatu: Hilo sikulifikiria kabisa, kaka. Basi tuhamishe siku?

Omari: Hapana. Juni hii kusi limekaza, vyombo vidogo vingi havitoki nje. Wakitoka wanakaa upande wa kusini, wanajikinga. Nendeni kaskazini, Mkoma, mkakae juu ya genge. Bahari yote iko mbele yenu, mji uko nyuma, na maji yakijaa hayawafikii. Ufukweni chini mtafukuzwa saa nane.

Mjomba Bakari: Naunga mkono. Pikipiki inafika karibu kabisa, babu hatembei hatua mia.

Hadija: Genge na watoto? Mimi siungi mkono.

Omari: Mnarudi nyuma hatua thelathini, dada. Pana uwanda wa nyasi. Genge tunaliwekea mkeka wa wakubwa kama ukuta, mtoto hapiti.

Hadija: Mie ndiye nitakayelala kwenye mkeka huo.

Tatu: Nimeshakwenda leo saa kumi jioni kupaangalia, jamani. Omari kasema kweli. Mashariki hakuna hata kichaka. Nilisimama nikanyoosha mkono kaskazini mashariki, pale kitakapotokea, ni maji matupu. Kusini pia kuko wazi, tutauona Msalaba wa Kusini.

Sefu (Maskati): Nawasoma tu huku roho inaniuma. Huku taa mpaka jangwani, inabidi uendeshe gari saa nzima na zaidi kupata mbingu. Lakini babu mwambieni nyota ya kaskazini naiona, ile ambayo Pangani haionekani. Msalaba ndio uko chini kabisa, unagusa ardhi.

Tatu: Kacheka mpaka kakohoa! Anasema: "Mwambie Sefu, baba yangu aliijua nyota hiyo. Alikuwa akisema ukiondoka Lamu kwenda juu, siku utakayoiona inachungulia baharini ujue umeliacha kusi la kwetu." Naongeza mimi: Pangani tuko digrii tano tu kusini mwa ikweta, ndiyo maana tunapata pande zote mbili. Jumamosi saa mbili usiku Msalaba utakuwa kusini na Dubu Mkubwa kaskazini, karibu kimo kimoja. Watu wa Ulaya wanasafiri mbali kuupata huo Msalaba.

*Ijumaa, 12 Juni*

Shangazi Mwanaisha: Nimezungumza na mwenyekiti wa kitongoji na mlinzi wa pale jirani. Nimewaambia ni familia na mzee wetu, wasituone na tochi usiku wakadhani ni wezi. Wameridhia. Mikeka minne ninayo. Khanga kila mtu aje na yake, kusi lina baridi. Natengeneza chai ya tangawizi na mihogo.

Tatu: Ahsante shangazi, hilo la mlinzi ningelisahau. Ombi moja kubwa: SIMU. Jicho linachukua nusu saa kuzoea giza, na mtu mmoja akiwasha simu sote tunaanza upya. Tochi nimezifunga nailoni nyekundu, hiyo haisumbui jicho. Anayetaka kuandika humu aende nyuma ya mti akaandikie huko.

Juma: Picha je?

Tatu: Tazama kwanza kwa macho yako, mdogo wangu. Usiku huu ni wa macho.

*Jumamosi, 13 Juni*

Mjomba Bakari (saa 1:20 usiku): Babu kafika salama. Tumewahi Zuhura na Mshtarii. Kuna kingine kidogo chini yao, Tatu anasema ni Utaridi. Miaka hamsini na mbili naishi Pangani, Utaridi sijapata kuoneshwa.

Tatu (saa 2:45 usiku): Niko nyuma ya mti. Mawingu ya kusi yanapita, yanaziba, yanafungua. Babu anawaambia watoto wasinung'unike, wahesabu mpaka mia. Wamehesabu, kumefunguka. Kawaonesha Msalaba, na zile nyota mbili kali pembeni yake zinazouelekea, anasema nahodha akiziona hizo hatafuti kusini tena.

Hadija (saa 5:30 usiku): Nge!!! Nge mzima, mkia na kila kitu, utosini! Na moyo wake mwekundu. Mwanangu ananiuliza mbona kuna moshi umepita mkiani. Si moshi, ni Njia Nyeupe. Nilikuwa naiona nikiwa mdogo tukilala uani kwa bibi, nikaisahau kama vile haipo.

Sefu (Maskati): Endeleeni kuniandikia, silali.

*Jumapili, 14 Juni*

Omari (saa 9:10 usiku): Maji yamejaa. Yanapiga chini ya genge, tunayasikia. Chini hakuna mchanga hata kidogo. Watoto wamelala wote, babu yuko macho.

Shangazi Mwanaisha (saa 10:40 alfajiri): Wingu zito mashariki. Naamsha watoto?

Tatu (saa 10:41): Waamshe.

Tatu (saa 12:05 asubuhi): Nawaandikia wote mliokosa. Saa kumi na moja wingu lilikuwa bado limekaa baharini, jeusi. Adhana ikasikika kwa mbali kutoka mjini. Babu hakusema kitu, kakaa tu kauelekea upande ule. Kisha wingu likapasuka kwa chini, kama mtu aliyenyanyua pazia, na kikawa pale. Kidogo, cha buluu, juu ya maji kama ngumi moja ya mkono ulionyooshwa. Juma ndiye aliyekiona wa kwanza.

Babu akauliza: "Wangapi?" Macho yake siku hizi yana ukungu, anasema yeye aliona kama kipande cha pamba. Juma akahesabu tano. Mtoto wa Hadija akasema sita, akazionesha moja moja kwa kidole, na babu akamwambia sita ndiyo hesabu ya jicho zima. Halafu akawasomea watoto, wakamrudishia mara tatu: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Akawauliza, mwaka huu kimezama kwa nini? Wakajibu kwa mvua. Basi?

Kabla hawajajibu weupe ukapanda, kikapotea. Tukaswali palepale kwenye nyasi.

Sefu (Maskati): Allahu akbar. Mie nimetoka nje na mimi, nimetazama mashariki, taa tupu. Lakini nimetazama.

Mjomba Bakari: Babu kalala kwenye bajaji. Kabla hajalala kaniuliza giza lijalo la mwezi ni lini.

Tatu: Giza la mwezi ni tena 14 Julai, mjomba, ni Jumanne. Jumamosi ya kabla yake ni tarehe 11. Kilimia kitakuwa kimepanda sana wakati huo, kitatoka kama saa tisa usiku, hatutagombana na weupe.

Hadija: Mkoma palepale. Na mkeka wa genge ni wangu.

Shangazi Mwanaisha: Birika langu la chai liko kwa nani?

Omari: Liko kwangu shangazi, nalileta.