Mrejesho: nimepata chumba na sebule

Wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri wa kupata nyumba ya chumba kimoja, sebule na jiko ndani, mtaa wa mjini, kodi isizidi theluthi ya mshahara wangu. Nimepata na nimeshahamia. Asanteni sana.

Aliyesema niachane na barabara kuu nizame mitaa ya nyuma, Mungu ambariki. Ukitembea kidogo tu, kodi inashuka kabisa. Fundi rangi aliyekuwa kazini ndiye aliyenielekeza kwa mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna dalali aliyekula chake. Nilirudi kuiona usiku. Bomba la bafuni lilitoa maji kwa nguvu, lakini niliposogeza kabati nikakuta ukuta una ukungu mweusi, bomba la ndani linavuja. Mwenye nyumba alikubali kutengeneza na kupaka upya kabla sijalipa. Tukaliandika kwenye mkataba, pamoja na namba za mita siku ya kuingia na masharti ya kurudishiwa amana.

Aliyeuliza kuhusu umeme: mita ni yangu peke yangu, sichangii na mtu. Kwa kweli hilo limenifurahisha kuliko hata dirisha kubwa la sebuleni.