Tupeane uzoefu: gemu humtoka mtu akishakuwa mkubwa, au ni muda tu unaotubana?

Mtoa mada

Habari zenu wadau. Mwezi uliopita nimetimiza miaka 41. Usiku wa siku hiyo hiyo dada yangu mkubwa alinikuta sebuleni na padi ya kuchezea gemu mkononi. Akasimama mlangoni kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Hivi haya mambo yatakutoka lini?" Hakuwa ananisema, alitaka kujua kweli. Nikakosa jibu, na tangu hapo swali limenikaa kichwani.

Mimi nilianza kwa kuwatazama wakubwa wakicheza Super Mario Bros., nasubiri zamu ambayo mara nyingi haikufika. Ilipokuja PlayStation ya kwanza nikazama kwenye Winning Eleven, gemu ya mpira, mpaka nikawa najua kasi ya wachezaji ambao sijawahi kuwaona kwenye runinga. Nilipopata kazi nikaacha. Sikuamua kuacha, ila siku zilijaa. Miaka sita sikugusa. Halafu nikavunjika mguu, nikakaa ndani wiki tano, na rafiki akaniletea PlayStation 2 yake ya zamani. Nilidhani nitaanza upya kama mgeni. Wapi! Vidole vilikumbuka kila kitufe kabla kichwa hakijakumbuka.

Siku hizi nacheza saa moja, mara mbili kwa wiki, watoto wakishalala. Nauliza kwa nia njema: mlioacha, ni nini hasa kiliwatoa? Na mnaoendelea, mnajisikiaje mkiulizwa swali la dada yangu? Semeni ukweli, hapa hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kitufe cha Mraba

Mkuu, mimi yalinitoka, na sijawahi kuyatamani tena. Nilikuwa na miaka 33. Kilichonitoa ni urefu wa gemu zenyewe. Unaanza hadithi inayotaka saa 60 au 80, unacheza Jumapili mbili, unakatika wiki tatu. Ukirudi hukumbuki ulitumwa nini, adui ni nani, wala unarukaje. Nikajikuta nacheza ili nimalize, kama mtu anayelipa deni. Siku moja nikazima katikati ya safari na sikuwasha tena. Mashine nikampa mpwa wangu. Sikujilazimisha na sikuumia. Kwa hiyo mwambie dada kwamba wapo ambao huwatoka.

Mama Mapacha

Naomba kuuliza: kwani gemu ni ile yenye padi tu? Nyumbani kwangu mwenye sifa ya "mtu wa gemu" ni mume wangu. Mimi ninayecheza Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyodondoka, kila usiku kabla ya kulala, miaka kumi sasa, siingii kwenye hesabu. Ofisini wenzangu wanapanga pipi za Candy Crush wakisubiri kikao kianze, na wengine wamevuka levo elfu moja. Hakuna hata mmoja anayeulizwa ataacha lini.

Tena hiyo Tetris yenyewe haikutungwa na mtoto wala kwa ajili ya watoto. Aliyeitunga mwaka 1984 kule Moscow, Alexey Pajitnov, alikuwa mtafiti wa kompyuta mwenye kazi yake. Ilipouzwa pamoja na Game Boy, mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, mwaka 1989, wazazi wakaanza kugombea mashine na watoto wao. Nadhani watu wazima hatujawahi kuacha, tumebadilisha tu umbo la kitu tunachoshika. Anayeshika simu haonekani, anayeshika padi anaonekana mtoto.

Kiungo Mkabaji

Mimi na kaka yangu tumetenganishwa na nchi tatu. Kila Jumamosi usiku tunakutana mtandaoni kwenye gemu ya mpira, ile iliyoitwa FIFA miaka 30 kabla ya kubadilishiwa jina mwaka 2023. Sisi kwetu wanaume hatupigiani simu kuulizana moyo unaendeleaje. Tukipigiana, maongezi yanaisha kwa dakika mbili. Lakini macho yakiwa uwanjani, mdomo unafunguka wenyewe.

Mwaka jana, kipindi cha pili, nikiwa nyuma kwa mabao mawili, aliniambia kwamba yeye na mkewe wanaachana. Alisema kwa sauti ile ile ya "nipe kona." Tukasimamisha mechi. Tuliongea mpaka karibu alfajiri, na mechi ile haikuisha hadi leo. Nikiulizwa nitaacha lini, nitauliza kwanza: nikiacha, kaka yangu nitamsikia wapi?

Nimetoka Mbali

Nawaheshimu wote mliotangulia, ila nami niseme yangu, maana yamenigharimu. Gemu yangu ilikuwa ya vita, ya mtandaoni, isiyo na mwisho. Ukimaliza msimu mmoja unafunguliwa mwingine. Nilikuwa na miaka 36. Namwambia mke wangu "dakika kumi," kisha nasikia ndege wanalia nje. Kazini nikaonywa mara mbili, mara ya tatu nikaondolewa. Mwanangu alizoea kuongea na mgongo wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kazi.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Huko nikajifunza kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Wala hawahesabu saa peke yake. Wanaangalia kama umeshindwa kujizuia, kama gemu imetangulizwa mbele ya kila kitu, na kama unaendelea huku unaona madhara, tena kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mimi nilikuwa na yote matatu. Mtoa mada, saa moja mara mbili kwa wiki haifanani na nilichokuwa nacho mimi, usiogope. Lakini mimi kidogo siwezi. Nina mwaka wa tatu sasa sijagusa.

Mtoa mada

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kutuamini. Nikuulize ukipenda kujibu: zile saa za usiku ulizijaza na nini?

Babu wa Zamu

Wanangu, nina miaka 64.

Nilianza na Pac-Man, kwenye yale makabati makubwa ya kutumbukiza sarafu. Baadaye nikapenda gemu za ngumi. Nilipokaribia miaka 50 nikaanza kupigwa na vijana ambao zamani nisingewaogopa. Pigo naliona linakuja, najua la kufanya, mkono unachelewa. Nilisononeka kweli, nikadhani ndiyo mwisho. Kisha binti yangu akanionyesha Civilization, ambayo unacheza kwa zamu. Unajenga mji, unafikiri, hakuna anayekukimbiza. Uzee ulinihamisha chumba, haukunitoa nyumbani.

Na yupo bibi wa Japani, Hamako Mori. Alianza kucheza mwaka 1981, akiwa ameshapita miaka 50. Mwaka 2020, akiwa na miaka 90, Guinness walimtambua kuwa mzee kuliko wote wenye chaneli ya gemu YouTube. Umri ambao wengi wanauliza "utaacha lini," yeye ndipo alipoanza.

Mama Mapacha

Shikamoo babu. Hapo kwenye mkono kuchelewa umenigusa, nimeanza kuyaona.

Nimetoka Mbali

Shikamoo mzee. Mtoa mada, nakujibu. Miezi mitatu ya mwanzo sikuzijaza na chochote. Nilikaa tu kitandani macho yakiwa wazi, vidole vinacheza juu ya shuka. Halafu nikaanza kumsaidia mtoto kazi za shule, nikagundua sijui hata mwalimu wake anaitwa nani. Tukaanzia hapo.

Sasa ana miaka tisa. Wiki iliyopita alikuja na simu ya mama yake, amejenga nyumba kwenye Minecraft, ya ghorofa, ina chumba alichosema ni changu. Anataka tuingie pamoja tumalizie paa. Nilimwambia nitafikiria, na kila siku akirudi shule ananiuliza kama nimemaliza kufikiria. Babu, na ninyi mnaoweza kidogo kidogo, mngekuwa mimi mngemjibu nini?