Mzee kaambiwa ana maji kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), hii sindano ya ndani ya jicho ikoje?

mtoto_wa_mzee: Wakuu habari zenu, mzee wangu ana kisukari cha siku nyingi sasa akimtazama mtu usoni katikati anaona ukungu ila pembeni anaona fresh, na mistari ya daftari anasema imepinda. Miwani tumebadilisha, wapi, haijasaidia. Dokta kampiga picha ya OCT (inayoonyesha tabaka za retina) kasema makula imevimba, achomwe sindano ndani ya jicho. Ndani kabisa! Mzee kagoma. Hamna matone jamani?

Mdau_Macho: Miwani haigusi hapo mkuu. Makula ni kile kieneo kidogo katikati ya retina tunachosomea na kutambulia sura, sasa sukari inachakaza vimishipa vya damu vinaanza kuvuja, maji yanajaa palepale. Alafu retina ikikosa oksijeni inatoa protini inaitwa VEGF inayozidisha kuvuja, sindano ndo inaizima hiyo. Zipo Avastin, Lucentis, Eylea. Mkisoma kwamba Avastin ni dawa ya kansa msikimbie, ilianzia huko kweli, ila jichoni inaingia kidogo sana na ndo nafuu kwa bei. Matone yanatumika zaidi kwa uvimbe unaokuja baada ya operesheni ya mtoto wa jicho, kwa kisukari usiyategemee.

bi_mkubwa: Mwanangu mimi nachomwa hizo. Kuisikia ndo kunatisha, wanaweka ganzi ya matone, wanasafisha, sindano inapita kwenye weupe wa jicho sio kwenye mboni, unahisi kama umebanwa basi. Mwanzoni karibu kila mwezi, baadae wanaachanisha tarehe za sindano kutokana na picha. Watu wengi wakiona ukungu umepungua wanaingia mitini, maji yanarudi.

mtoto_wa_mzee: Asante sana mama. Na leza?

Mdau_Macho: Leza ndo ilikuwa tiba kuu tangu miaka ya 80, inazuia hali isizidi ila kurudisha uoni ni mara chache. Kuna steroidi pia (dawa za kupunguza uvimbe), sindano za kwanza zikigoma, ila hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na kama anameza pioglitazoni ya sukari mwambieni dokta wa macho, inaweza kuongeza maji.

bi_mkubwa: Akishachomwa, vidoa vinavyoelea au wekundu kidogo siku ya kwanza visiwatishe. Ila jicho likianza kuuma sana, likazidi wekundu na uoni ukashuka, mrudisheni siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kliniki.