KAMWAGA RANGI ZANGU CHUPA 9 HALAFU ANANIAMBIA "NIMEKUPUNGUZIA MAJI"!!!

Bawa la Kushoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka.

Mnamjua. Jina sitaji. Yule yule wa "mimi nimeanza kuunda modeli za plastiki kabla yenu", ambaye hajawahi kupita kwenye meza ya mtu bila kugusa kitu. Leo kaja kwangu.

Nilikuwa nimepanga chupa 9 za akriliki, zile ndogo za mililita 17, nimeng'oa chuchu zote (vile vidomo vya kudondoshea rangi) ili nitie gololi mbili mbili za kuikoroga rangi ninapotikisa. Zilikaa miezi bila kuguswa, na mnajua zinavyofanya: unga wa rangi unalala chini tope zito, juu kinabaki kimiminika kinachoonekana kama hakina kazi. Nikaingia chumbani kuchukua kopo la gololi. Dakika 2. Hazikufika 3!

Narudi, namkuta kwenye sinki. Ameinamisha chupa ya 9, anamimina kile cha juu taratibu, kaziba nusu ya mdomo kwa kidole ili tope lisitoke. Uangalifu wa daktari wa macho! Zile 8 kashazimaliza, kazirudisha mstari mmoja kama askari. Akageuka, akatabasamu, akafuta mikono kwa kitambaa CHANGU cha brashi, akasema: "Rangi zako zilikuwa zimejaa maji. Nimekupunguzia maji."

NIMEKUPUNGUZIA MAJI.

Yale si maji! Ile ndiyo gundi ya rangi, ndiyo inayoushika unga kwenye plastiki. Ukiimwaga umebaki na chokaa. Ni mtu akute unajenga, abebe saruji yote akaitupe mtoni, akuachie mchanga, aseme kakupunguzia vumbi!

Na kilichoniua si rangi. Ni ile sauti. Ya upole, ya mtu anayesubiri ashukuriwe. Nimekupunguzia maji. Nilipomweleza alichofanya, akanijibu: "Basi si utie mengine."

Si utie mengine!! Nyeusi, nyeupe, ya fedha, kijani zote 3, zote zimekwenda na bomba. Sinki langu sasa hivi lina gundi ya kupaka meli nzima.

Brashi Sifuri

Pole mkuu. Huyo huyo aliikuta vanishi yangu ya kuua mng'ao imetulia, hakutikisa hata mara moja, akachovya juu juu na kuipaka ndege yangu "anionyeshe". Unga unaoua mng'ao wote ulikuwa umelala chini. Ndege ya vita imetoka inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Gololi Mbili

Na wewe mleta uzi, unang'oaje chuchu za chupa 9 kwa mpigo huku yeye yumo ndani? Umemwachia fisi bucha, sasa unalilia nyama. Mimi nang'oa moja, natia, nafunga, ndipo naenda nyingine.

Kifaru Kibovu

Gololi zenyewe ni za chuma gani? Kama umezitoa kwenye beringi kuukuu, angekumwagia tu zote. Akriliki ni ya maji, chuma cha kawaida kinashika kutu humo humo. Nyeupe yangu iligeuka rangi ya tofali.

Bawa la Kushoto

Ni za chuma kisichoshika kutu, milimita 5. Hiyo si hoja! Hoja ni mtu kusimama kwenye sinki langu na kuniambia NIMEKUPUNGUZIA MAJI.

Mama Vanishi

Mwanangu, usizitupe kwanza. Tafuta midiamu ya akriliki, yaani ile gundi yenyewe bila unga wa rangi, tia matone machache, koroga kwa kijiti cha meno mpaka kwenye kona za chini, kisha ndiyo gololi na kutikisa. Maji matupu usitie, itakauka halafu ukipitisha kidole inatoka yote. Kivuli cha rangi hakitarudi sawa na cha mwanzo, lakini kwa sehemu za ndani za modeli zitafaa.

Enameli Milele

Ndiyo maana mimi sibanduki kwenye enameli, rangi ya makopo isiyo ya maji. Unafungua kopo, unakoroga kwa kijiti, unapaka. Gololi za nini?

Brashi Sifuri

Unakoroga nusu saa, na kwa ile harufu hata mende wamehama.

Gololi Mbili

Wanaotikisa kama wanacheza ngoma nao wamenichosha. Mapovu matupu! Zungusha chupa katikati ya viganja, dakika 2 zinatosha.

Kifaru Kibovu

Viganja vinaamsha tope la miezi? Mimi nina ile mashine ya maabara, unabonyeza chupa kwenye kikombe cha mpira, inatetemeka yenyewe. Sekunde kadhaa tu, tope lote limeinuka.

Gololi Mbili

Wewe na mashine yako ndiyo ulimrushia mwenzetu chuchu usoni, hukukaza kifuniko.

Kifaru Kibovu

Ile chuchu ilikuwa imeziba! Mtu anaminya chupa iliyoziba badala ya kuchoma tundu kwa sindano, inaruka, halafu mashine ndiyo yenye makosa?

Bawa la Kushoto

Jamani. Chupa 9. Kwa kidole kazibia.

Mama Vanishi

Zisimamishe zote usiku huu zikiwa zimefungwa, zisikauke. Tope bila ile gundi hukauka haraka.

Enameli Milele

Kwani kifuniko cha kopo kikiganda mnakifunguaje? Changu kimegoma tangu juzi.

Kifaru Kibovu

Bisibisi bapa, inua kidogo kidogo ukizunguka. Usinyanyue upande mmoja, kitapinda na hakitafunga tena.

Enameli Milele

Kimepinda tayari.