Kama hujaisikiliza albamu yote, usitupangie nyimbo

Jamani nimenyamaza vya kutosha, leo nasema. Kuna redio moja hapa Mombasa, jina naliacha, imejipa kazi ya kuchukua albamu za bendi na kuzipa nyimbo alama, moja baada ya nyingine. Juzi ikawa zamu ya Live and Die in Afrika ya Sauti Sol, bendi ya Kenya. Mimi albamu hii naipenda tangu ilipotoka 2015, wakati ule waliiweka kwenye tovuti yao watu wakaipakua bure. Nikaongeza sauti nisikilize. Nilichokisikia ni dharau tupu.

Mtangazaji alizipanga hivi: wimbo wa Nishike nambari moja. Sura Yako nambari mbili. Shake Yo Bam Bam nambari tatu. Nerea akautupa huko chini kwa sababu ati wahuzunisha, haufai asubuhi. Kuliko Jana hakuupa hata alama, akasema huo ni wa kanisani.

Sasa mtangazaji, nakuuliza kwa heshima zote: uliisikiliza albamu, au ulizikumbuka zile nyimbo ulizozizoea? Maana Nishike na Sura Yako zilitoka 2014, mwaka mzima kabla ya albamu. Mwaka huohuo bendi ikachukua tuzo ya MTV ya Ulaya ya msanii bora wa Afrika. Zilikuwa zishapigwa kila harusi na kila matatu. Ukizipa nafasi za juu kwa kuwa wazijua, hapo hujapima kitu, umesoma umaarufu tu. Na Nishike yenyewe tuseme ukweli: kilichoivumisha ni video. Vituo vya televisheni viliikataa kwa vile vijana walivyovua mashati, nchi nzima ikaitafuta. Funga macho uisikilize. Ni wimbo mzuri wa mapenzi, sauti zimepangwa vizuri, naupa 6 kati ya 10. Haufiki nambari moja hata kwa kusukumwa.

Sura Yako siubishii sana, 8. Lakini mtangazaji aliusifu kwa ile dansi yake ya lipala peke yake, kana kwamba wimbo ni miguu. Tatizo ni tunavyousikia. Panda matatu ya Mtwapa, spika ziko chini ya kiti, besi yakupiga mgongoni kutoka Bamburi mpaka mwavuka daraja la Nyali, na lile gitaa la Polycarp Otieno hulisikii kabisa. Usikilize nyumbani usiku, watoto wamelala, ndipo utajua wale wanne wa bendi wanafanya nini kwa sauti zao. Shake Yo Bam Bam ni wa kuruka, watu waruke, 5, tuendelee.

Nerea ndio ulioniudhi. Huu ni wimbo wa mwanamume anayemsihi msichana asiitoe mimba yake, amletee mtoto atamlea. Nitajieni bendi ngapi za vijana zinathubutu kuligusa jambo hilo kwenye wimbo wa kupigwa redioni, tena kwa upole, bila kumtukana wala kumhukumu yule dada. Halafu inakuja ile sehemu ya kutaja majina: mtoto huyo huenda akawa Obama, huenda akawa Lupita, huenda akawa Wanyama acheze mpira Uingereza, huenda akawa Kenyatta. Kila jina laongeza uzito juu ya lililotangulia, na Amos na Josh, waimbaji walioshirikishwa, wanaitikia vizuri mno. Mtu anaweza kupingana na ujumbe wake, hilo ni haki yake na tubishane. Lakini kuutupa chini kwa sababu wahuzunisha? Ulitakiwa uhuzunishe! Jambo lenyewe ni zito! Mimi naupa 9 na nusu, ile nusu nimeizuia kwa sababu nataka uwe mrefu zaidi.

Na Kuliko Jana, wallahi, hapa nilitaka kupiga simu studio. Wimbo unaanza, kwaya ya RedFourth Chorus iko ndani, sauti zinapandana moja juu ya nyingine, na bwana yule anasoma salamu za wasikilizaji juu yake! Fulani wa Likoni anamsalimu fulani wa Kongowea. Akamaliza salamu, akauzima kabla kwaya haijafika popote. Kisha anasema wa kanisani. Mimi ni Muislamu, mama yangu ni Muislamu, na wimbo huo kwetu husikilizwa mpaka mwisho, kwa sababu sauti za binadamu zikipangwa hivyo mtu huacha alichokuwa akifanya. Kwangu ni 10. Ndio nambari moja ya albamu hii, na siubadilishi.

Isabella haukutajwa kabisa. Hata kwa bahati mbaya. Wimbo wa taratibu vile, 8, umepotea kama haukurekodiwa.

Ninachotaka ni hiki: mrudie. Ichezeni albamu kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, mtu asiseme juu ya nyimbo, salamu zingoje, kisha ndio mtoe alama na kila alama muieleze. Nanyi mnaosoma hapa, wekeni orodha zenu tubishane. Ila anayetaka kuniambia Nishike wapita Kuliko Jana aseme kwanza ameusikiliza Kuliko Jana wote, bila kuukata.